Siku wahadhiri walipomtaka mama mkubwa atoe maji yote ya kisimani (Newala)

Wakuu, amani iwe kwenu popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Nachungulia nyuzi zenu, nacheka peke yangu, nalala. Leo nimeona nami niweke changu. Nitakachosimulia nilikiona kwa macho yangu na mikono yangu ilishiriki, sina sababu ya kutia chumvi. Majina ya wasomi nayahifadhi, ni watu wazima na sikuwaomba ruhusa.

Shule yangu fupi, niliishia kidato cha pili. Nikikosea jambo la kitaalamu mnirekebishe taratibu.

Twende.

Ilikuwa ile miaka soko la korosho limeachiwa huria. Wanunuzi binafsi wanapanda Newala na magari yao, kila mmoja na bei yake, wengine wanapima kwa kangomba, yaani lile kopo. Ukiuza vizuri unapata bati. Ukiuza vibaya unarudi kwenye nyasi zako na hasira.

Mimi nilikuwa nauza mitumba. Jumamosi Newala, siku nyingine nashuka Masasi, mara Lisekese, mara Mkunya. Nilikuwa na ndoto nyingi kuliko suruali nilizonazo kwenye tandiko. Leo nataka duka la vioo, kesho nataka kuwa mtangazaji wa redio, keshokutwa nataka kusoma chuo kikuu. Mama yangu alikuwa ananiambia, "We mtoto, chagua moja, zingine waachie wenzio."

Kwa wasiopajua kwetu: Newala iko juu, juu kabisa. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaona bonde la Ruvuma lote mpaka Msumbiji, mawingu yanapita chini ya miguu yako. Pazuri mno. Lakini maji hakuna. Bomba linapandisha kutoka bondeni, mashine ikigoma mnatazamana.

Ndiyo maana kila nyumba inachimba kisima. Siyo kisima cha chemchemi, hapana. Ni shimo kubwa linachimbwa ubavuni mwa nyumba, linasakafiwa kwa saruji, linafunikwa, halafu mfereji wa bati unamwaga humo maji ya mvua. Mfuniko una kufuli. Ufunguo anakaa nao mama mwenye nyumba, ameufunga kwenye ncha ya khanga kiunoni, na hauachi hata akienda msibani.

Sisi tukienda kuposa, mashangazi hawaulizi kwanza binti ana tabia gani. Wanazunguka nyuma ya nyumba kutazama kisima. Ha ha, nisiende mbali.

Sasa mama mkubwa wangu, dada yake mama, alikuwa na kisima kikubwa kuliko vyote mtaani kwetu. Tunamwita Mama Fatu. Mjane, mrefu, sauti yake inasikika nyumba ya nne. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye mstari wetu. Nyuma yake hakuna mtu, kuna korongo.

Hilo korongo, wakuu, ukilitazama unapata kizunguzungu. Udongo mwekundu umekatwa wima kama mtu kakata mkate kwa kisu. Chini kabisa unaona vichaka, na mbuzi akitumbukia anaonekana kama kuku. Na lilikuwa linakuja. Kila masika linakula kidogo, linapumzika, masika mengine linakula tena.

Na sisi tulikuwa tunalipiga vita kwa akili zetu. Kila asubuhi akina mama wanafagia uwanja mpaka unang'aa, takataka zote, maganda ya mihogo, majani ya mikorosho, vinatupwa korongoni. Tuliamini tunalifukia! Watu walikuwa wanasema kabisa, "Tukitupa wote kwa bidii, wajukuu watalima hapa."

Siku moja mwishoni mwa masika ikaja Land Rover kutoka Masasi. Wakashuka watu watatu, wahadhiri wa chuo kikuu. Walikuwa na semina na walimu kule Masasi, wakaomba kuliona korongo letu. Balozi wa nyumba kumi akaniita mimi niwe mwenyeji wao, kwa kuwa biashara imenifundisha kuongea na kila mtu.

Wa kwanza alikuwa Profesa, mzee mwenye tai, mzaliwa wa Lulindi ila aliondoka zamani. Wa pili Dokta, kijana mwembamba mwenye mkoba mzito, bingwa wa udongo. Wa tatu mama mmoja mpole, anafundisha walimu, tulimwita Madam.

Nikadhani wamekuja kutuuliza sisi wakulima maswali, kama wanavyofanya wengine. Wala! Madam alikuwa anawahoji wenzake. Kazi yake ilikuwa kujua wahadhiri wenyewe wanayaonaje majanga ya mazingira, na wanawafundisha nini wanafunzi wao juu ya hayo. Akasema amechoka kuwahoji ofisini, wanajibu kama wanasoma kitabu. Anataka awahoji ukingoni.

Wakuu, mimi nilisimama mdomo wazi. Kumbe na msomi naye anaulizwa!

Akawasha kinasa sauti. "Dokta, hili ni janga?"

Dokta akasema janga ni mteremko, mchanga, na maji mengi yanayopita mahali pamoja kwa kasi. Vyote vinapimika.

Profesa akacheka. "Mvua ni mvua tu, bwana mdogo. Janga ni kwamba kuna mtu kajenga hapa, na hana pa kwenda kwingine. Pima na hilo."

"Hilo halina kipimo."

"Ndiyo maana mmelisahau."

Wakabishana! Kwa sauti, mikono inarushwa, majirani wakatoka wakijua ni ugomvi wa nauli. Mimi nasema sasa watapigana. Mara Profesa anamkatia Dokta kipande cha muhogo wake wa kuchoma, Dokta anakula, wanaendelea kubishana. Sijawahi kuona. Kwetu watu wakibishana hivyo hawasalimiani mpaka Idi.

Madam akamgeukia Dokta tena. "Wanafunzi wako unawafundisha nini juu ya korongo?"

"Equation zake, zile hesabu za kupima."

"Wakija hapa na hizo equation, wakamkuta mwenye nyumba, watamwambia nini?"

Dokta akaweka mkoba chini. Akasema, "Hilo swali liandike, nitalijibu kabla hatujaondoka." Nikampenda palepale.

Mama mkubwa naye akatoka jikoni, amejifunga khanga. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, macho kwa wageni.

"Hawa ndio wanaopiga kelele nyuma ya kisima changu?"

"Ni walimu wa chuo kikuu, mama mkubwa."

"Walimu? Kelele hizi nilijua madalali wa korosho."

Profesa alicheka mpaka akakohoa.

Sasa Dokta akawa anazunguka peke yake kati ya kisima na ukingo. Ana kijichuma kirefu, anakidunga ardhini, anachutama, anapapasa udongo kama daktari anayempapasa mtoto tumbo. Akaniita kwa mkono. Akanionyesha ufa. Mwembamba, kama mstari uliochorwa kwa kijiti, umepinda kama mwezi mchanga. Unaanzia pembeni, unapita nyuma ya kisima, unaishia upande wa pili.

"Udongo wa hapa una unyevu ambao hautoki juu," akasema. "Hiki kisima kina maji kiasi gani?"

"Kimejaa, Dokta. Mpaka kwenye mfuniko."

Uso wake ukabadilika. Akawaita wenzake, wakanong'ona. Ule ubishi wote ukaisha, ukakatika kama redio iliyoishiwa betri. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba watu wale wakikubaliana, jambo ni zito.

Dokta akamwendea mama mkubwa kwa heshima zote. Akamwambia kisima kinavuja kwa chini, maji yanapenya kwenye ufa, na uzito wake unausukuma ukingo. Mvua nyingine kubwa ikija, ukingo utaondoka na kisima, na kisima kikiwa kimejaa hivyo kinaweza kuivuta nyumba. Akamwomba asilale humo, na maji yatolewe leo. Yote.

Mama mkubwa akamtazama. Akanigeukia mimi.

"Huyu kichaa umemtoa wapi?"

Msicheke wakuu. Mjue maana yake. Masika yalikuwa yanaisha. Ukikimaliza kisima wakati ule, hakijai tena mpaka mvua za mwisho wa mwaka. Na mwezi wa sita mjukuu wake, mtoto wa dada Fatu, alikuwa anatoka unyago. Wageni watapanda kutoka vijijini kote, wapikiwe, waoge, wanywe, ngoma ilie. Mama mkubwa alikuwa amenyima majirani maji miezi yote kwa ajili ya siku ile. Mimi mwenyewe alishanifukuza na ndoo yangu.

"Nimwage maji? Newala? Hata mchawi hamwagi maji Newala!"

Profesa akajaribu kwa sauti ya kiutu uzima. Akapewa lake: "Wewe mtoto wa Lulindi, kwenu mto unapita mlangoni. Utajua nini?"

Mawingu yalianza kupanda upande wa Ruvuma. Nilikuwa nayatazama, natazama nyumba ile niliyolelewa nusu ya utoto wangu, machozi yananilenga. Mimi ni mtu wa machozi ya karibu, siwafichi.

Madam hakubishana. Akavua viatu, akamshika mama mkubwa mkono, akamuuliza kitu kimoja tu. "Mama Fatu, ulipoolewa hapa, korongo lilikuwa wapi?"

Mama mkubwa akanyoosha mkono mbali, hewani, mahali ambapo sasa hakuna ardhi, ndege tu wanapita. "Pale. Kamfereji tu. Nilikuwa nakaruka na mtoto mgongoni."

"Na Fatu alipovunja ungo?"

"Pale. Walikuwa wameweka gogo la kuvukia."

"Na nyumba hizi zilipoezekwa bati?"

Hapo mama mkubwa akashusha mkono. Akageuka, akautazama mstari wa nyumba zetu. Bati, bati, bati. Na visima vyote vikijaa, maji yanayofurika tumeyachimbia mfereji mmoja, kila nyumba imejiunga, ya kwetu ikiwemo. Mfereji ule unashuka mpaka nyuma ya nyumba yake, unamwagikia korongoni. Wote tulikuwa tunauona kila siku. Tulikuwa tunajivunia jinsi ulivyonyooka.

"Kumbe mnaninyeshea ninyi," akasema taratibu.



Dokta akachukua vijiti viwili, akachomeka kimoja upande huu wa ufa na kingine ng'ambo yake. Akafunga uzi wa kushonea kutoka kijiti hiki mpaka kile, akaulegeza kidogo ukawa unaning'inia. Akasema, "Mama, sitaki uniamini mimi. Tule, halafu utautazama mwenyewe."

Tukala ugali wa muhogo na kisamvu. Chakula kilikuwa kitamu, lakini Madam ndiye aliyekula vizuri, wengine tulikuwa tunatazama mawingu.

Tuliporudi, uzi haukuwa unaning'inia tena. Ulikuwa umenyooka, umekaza. Mama mkubwa akachutama, akaugusa kwa ncha ya kidole. Ukalia ting, kama waya wa zeze.

Wakuu, mpaka leo nikikumbuka ile ting nywele zinasimama. Ardhi iliyotulia kabisa, kuku wanadonoa juu yake, kumbe inatembea. Tumekaa tunakula, yenyewe inaondoka polepole bila kuaga.

Mama mkubwa akainuka. Hakusema kwa Kiswahili, alisema kwa Chimakonde, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. Maana yake: basi waiteni watu. Maji hayamwagwi, yanatekwa.

Akafungua fundo la khanga, akampa Dokta ufunguo mkononi.

Nilikimbia mtaa mzima. "Mama Fatu anagawa maji!" Watu hawakuamini. Mzee mmoja aliniuliza kama nimevuta bangi. Lakini walipoona mfuniko umefunguliwa walikuja kama siafu. Ndoo, madumu, masufuria, mabeseni ya kuogeshea watoto, mpaka birika za msikitini.

Dokta akawa mkali kweli sasa. Hakuna kukanyaga upande wa ukingo. Mteka maji ni mmoja tu, na awe amefungwa kamba kiunoni, inashikwa na wanaume upande wa nyumba. Akauliza nani. Nikasema mimi. Siyo ushujaa, ni kwamba kisima kile nilikuwa nakijua. Wakanifunga. Mama yangu alikuwa pembeni anamsalia Mtume kwa sauti.

Nikateka. Nampa aliyeko nyuma, anampa mwenzake, mstari mpaka barabarani. Dokta amelala kifudifudi karibu na ule uzi, anautazama, anapiga kelele, "Endelea! Endelea! Simama kidogo. Endelea!" 

Profesa alivua koti, tai akaiacha, akajitwika ndoo kichwani. Akina mama wakamshambulia.

"Babu, shika vizuri, hiyo siyo kofia!"

"Shingo hiyo imezoea tai tu, itavunjika!"

"Nilibeba kuni na shingo hii kabla mama zenu hawajazaliwa!" anajibu, maji yanamchuruzika mpaka kwenye soksi. Watoto walimfuata wakishangilia.

Na mama mkubwa alikaa kwenye kigoda mlangoni. Anatazama maji ya sherehe ya mjukuu wake yanatoka, ndoo kwa ndoo, yanakwenda nyumba zilezile alizozinyima. Hakulia. Kila anayepita alikuwa anamwambia, "Chukua, chukua vizuri, usimwage njiani."

Jua lilipoanza kushuka nilifikia tope. Wakanivuta. Vijana wakawa wanatoa vitanda, sanduku, mitungi, tunahamishia kwetu.

Halafu mvua ikaja.

Haikuanza kwa matone, ilikuja nzima. Tulisimama barazani kwa jirani, wote tumejibanza, wahadhiri na akina mama na watoto, tunatazama nyuma ya nyumba ya mama mkubwa.

Nilitegemea kishindo. Hapana. Ilikuwa kama mtu mkubwa sana amevuta pumzi. Ukingo ukainama, taratibu, kwa adabu kabisa, ukaondoka na mipapai yake ikiwa imesimama wima. Kisha kisima. Kilitoka ardhini kizima, kikubwa, cheupe, kama jino linang'olewa, kikaegemea, kikazama. Baadaye ndipo sauti ikaja kutoka chini, nikaisikia kwenye nyayo kabla ya masikio.

Nyumba ikabaki imesimama. Ukuta wa nyuma umepasuka, lakini imesimama, mlango wa uani unatazama hewani.

 

Dokta alikuwa amelowa chapachapa. Akasema, "Miaka yote nafundisha kitu hiki. Sikuwahi kukiona."

Mama mkubwa akamuuliza, "Mwanangu, kingekuwa kimejaa?"

Nilijua atatoa equation. Akasema, "Nadhani nyumba ingekwenda. Sina hakika, mama. Sijui."

Jamani. Daktari wa chuo kikuu, mbele ya mtaa mzima, amesema sijui. Na mama mkubwa akamshika kichwa, kile kichwa chote cha elimu, akakiinamisha begani kwake kama anambembeleza mtoto. Yule kijana akalia. Na mimi nikalia, na Profesa akajifanya anafuta miwani.

Hawakuondoka siku hiyo. Asubuhi, wa kwanza kutoka na jembe alikuwa mama mkubwa. Alianza nyumba ya juu kabisa, akagonga mlango. "Maji yako yanayofurika yahamishie kwenye migomba yako. Leo." Nyumba hadi nyumba. Nani ambishie? Dokta nyuma yake anaonyesha wapi pa kuchimba mashimo ya kuyazuia yanywewe na ardhi polepole, Profesa anachimba, Madam anaandika. Na takataka tukaambiwa hazifukii kitu, zinasombwa tu.

Kwa aliyetaka kuuliza: mwezi wa sita ngoma ilichezwa kwetu, na kila mtu alikuja na ndoo yake. Mama mkubwa alihamia karibu na dada Fatu. Korongo lipo, bado linatisha, ila mstari wetu halijaugusa tena kwa jinsi ile.

Madam amerudi mara nyingi na wanafunzi wake wanaosomea ualimu. Hawapeleki darasani kwanza. Anawapeleka kwa mama mkubwa, wanakaa chini kwenye mkeka, na mama mkubwa anawafundisha kwa sauti ileile ya nyumba ya nne. Dokta naye huleta wake. Huwafungia uzi kwenye vijiti, anawaambia wachutame na wasubiri.

Nilichojifunza mimi. Nilikuwa nadhani wasomi ni watu wenye majibu, na janga ni kitu kinachotoka mbinguni. Niliona watu watatu wasiokubaliana wakitazama shimo moja, mmoja anaona udongo, mmoja anaona mtu, mmoja anaona swali. Angekosekana mmoja wao, nisingekuwa na mama mkubwa leo. Udongo ulituambia hatari ipo, ila swali ndilo lililofungua kufuli.

Bado nauza mitumba, ila nimeanza kusoma jioni kwa mwalimu mmoja hapa mjini, naanza kidato cha tatu. Ndoto nimepunguza, zimebaki mbili.

Haya wakuu, uwanja wenu. Mnaokaa Lushoto, Makete, Kondoa, kwenye miteremko yote, na ninyi wa mjini mliojibana mabondeni, tuelezeni. Lakini kabla hujaandika fanya jambo moja. Mvua ikinyesha, toka nje, yafuate maji ya bati lako mpaka mwisho wake.

Halafu njoo hapa utuambie yanaishia kwa nani.